Nani Kasema Niko Sawa? Historia ya Mizani, Utepe na Jicho la Jirani

Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu zahanati kupima mtoto. Mtoto alikuwa na miezi 14. Tulipanga foleni tangu saa moja asubuhi, zamu yetu ikafika saa tano na nusu. Mhudumu alimvisha mtoto ule utepe wa rangi tatu kwenye mkono wa kushoto, juu ya kishati, akavuta, akasoma: 12.6. Rangi ya kijani. "Mama, mtoto yuko sawa. Anayefuata!"

Dada hakujibu kitu. Tulipofika kwenye njia ya kurudi kwenye bloku yetu ndipo akaniambia: "Mdogo wangu, wiki mbili zilizopita huyu mtoto alikuwa anasimama akishika kiti. Sasa hasimami. Sawa gani hiyo?"

Kijani kinaanzia sentimita 12.5. Angepungua milimita mbili tu angeingia njano, na ukiingia njano unaandikishwa, unapewa chakula cha nyongeza. Milimita mbili ni unene wa uzi wa kiatu.

Wiki hiyohiyo binti mmoja wa kikundi chetu cha vijana, ana miaka 19, anacheza netiboli, alipakua programu ya simu ya kupima uzito. Akaweka kilo 64, urefu mita 1.58. Simu ikamwambia amezidi uzito. Binti akaanza kuacha chakula cha jioni, na hapa kwetu wengi hicho cha jioni ndicho chakula chenyewe. Mimi nilichukua simu yake nikajaribu yangu: kilo 52, mita 1.69. Simu ikaniambia nimepungua, nina 18.2. Tukacheka, lakini si sana. Kucheza mpira nacheza kila siku, malaria ya mwisho niliugua miaka mitatu iliyopita.

Basi nikajiuliza, hizi namba zimetoka wapi? Nani alikaa akasema 12.5, au 18.5, au 25? Mimi si muuguzi. Kazi yangu ni vijana, na shule yangu iliishia sekondari. Lakini muuguzi mmoja ninayemheshimu aliniazima vitabu vyake, na kwenye maktaba ya kituo chetu nikapata vingine, na nilichokikuta humo ni hadithi ndefu ambayo naona inatuhusu sana sisi tunaoishi kwa kupimwa.

Nianze nyumbani, kabla ya mizani.

Koko yangu (kule kwetu Kivu ya Kusini wengi tunamwita hivyo mama wa mama) hakuwahi kuwa na mizani ya watoto. Alikuwa na kidole gumba. Akiletewa mtoto mwenye mashavu yaliyojaa na nywele zilizogeuka rangi kama nyasi kavu, alikuwa anakandamiza gumba juu ya mguu wa mtoto, ananyamaza kidogo, anaachia. Shimo likibaki, alisema: "Huyu mutoto haiko munene, iko na maji. Ni bwaki." Watu wa Kivu wanalijua hilo neno. Huku Tanzania wanasema kwashakoo, na vitabu vinasema unyafuzi.

Nilidhani hayo ni mambo ya kizee tu. Kumbe ndivyo wanavyofanya wauguzi mpaka leo: gumba kwenye miguu yote miwili, sekunde tatu, kuachia. Shimo likibaki kwa miguu yote, mtoto anahesabiwa mgonjwa wa utapiamlo mkali hata kama mizani na utepe vinasema yuko sawa. Maji yanaongeza kilo. Yaani mtoto anakufa njaa na mizani inampongeza.

Aliyeuandika ugonjwa huo kwa madaktari wa Ulaya ni Cicely Williams, daktari mwanamke aliyezaliwa Jamaika na aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1933 aliueleza, na mwaka 1935 akauchapisha kwa jina ambalo mama wa kule walimpa kwa lugha ya Kiga: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Jina lenyewe lilikuwa limeshabeba sababu. Mtoto ameachishwa ziwa, amepewa uji mtupu. Wakubwa wake Williams hawakumwamini upesi, walikuwepo waliosema ni pelagra tu. Kwetu nako, kule Lwiro kaskazini ya Bukavu, watafiti walikuja kujenga maabara na hospitali na kuwachunguza watoto wa bwaki kwa miaka mingi. Koko hakujua habari za Lwiro. Alijua gumba.

Lakini nisimsifu jirani kupita kiasi, maana jicho la jirani nalo lina makosa yake, na makubwa. Kwetu ukitoka safari ukirudi umenenepa wanafurahi: umenawiri, huko kulikuwa na amani. Mwanaume mwenye kitambi anaonekana amefanikiwa. Mwanamke aliyekonda baada ya kuolewa, mume ndiye anayesemwa. Haya yana sababu yake. Kwa watu waliokimbia, mwili ni akiba ambayo askari hawezi kukupora barabarani.

Halafu ikaja miaka ya 1980. Huku Rakai, Uganda, na ng'ambo ya mpaka Kagera, ambayo si mbali na hapa tulipo, watu wazima walianza kukonda, kuharisha, kufa. Waganda waliuita Slim, yaani mwembamba. Mwaka 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilohilo kwenye jarida la Lancet. Kagera wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1983, na watu waliuita Juliana, jina la nguo ya mtindo iliyokuwa inauzwa kimagendo mpakani wakati ule. Tangu hapo, kwa ukanda wetu wote, kukonda kukapata maana nyingine. Mtu akipungua kilo tano kwa kufunga, au kwa malaria, au kwa sababu mgao umekatwa, majirani wanashaanza kuhesabu aliotembea nao. Nawajua wanawake hapa kambini wanaovaa sketi mbili ili waonekane wana mwili. Kwa hiyo mtu akikwambia "sisi Waafrika tunapenda unene," mwambie asubiri, hiyo habari ina mlango wa nyuma.

Sasa twende kwa namba.

Ile namba ya simu inaitwa BMI. Unachukua kilo zako, unagawa kwa urefu wako wa mita, unagawa tena kwa urefu huohuo. Aliyegundua hesabu hiyo hakuwa daktari. Ni Mbelgiji, Adolphe Quetelet, aliyezaliwa mji wa Ghent mwaka 1796. Alikuwa mtu wa hesabu na mtaalamu wa nyota, ndiye aliyeanzisha kituo cha kuangalia nyota Brussels.

Zamani hizo wataalamu wa nyota walikuwa na shida moja. Watu kumi wakipima mahali ilipo nyota moja wanapata majibu kumi, yametawanyika kidogo. Wakajifunza kwamba majibu mengi yanajikusanya katikati, na katikati pale ndipo nyota ilipo kweli. Yanayobaki ni makosa ya upimaji. Quetelet akachukua fikra hiyo akaipeleka kwa binadamu. Akakusanya urefu na uzito wa watu, watoto kwa wazee, askari, kila aliyempata kwenye vitabu vya hesabu. Mwaka 1835 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya binadamu, na katikati ya kitabu yupo mtu ambaye hajawahi kuzaliwa: mtu wa wastani. Kwake Quetelet, huyu wa wastani ndiye alikuwa kama nyota yenyewe. Mimi na wewe tuliorefuka au kufupika ni makosa ya upimaji.

Humohumo ndimo alimoona kwamba kwa watu wazima uzito haupandi sambamba na urefu, unapanda kama urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Ukiwa mrefu kuliko mwenzako kwa asilimia 10, uzito wako unamzidi kwa kama asilimia 21. Ni hivyo tu. Hakuuliza nani mgonjwa, hakuuliza nani mnene. Alitaka kujua binadamu anakuaje.

Hapa naomba niseme neno la pembeni. Sisi wa Maziwa Makuu tuna sababu ya kushtuka tukisikia Mbelgiji na kipimo. Quetelet mwenyewe alikufa mwaka 1874, kabla Leopold wa Pili hajaitwa mwenye Kongo. Lakini waliokuja baadaye walipima pua na urefu wa watu wa Rwanda na Urundi, na miaka ya 1930 Wabelgiji wakagawa vitambulisho vilivyoandikwa kabila. Wazee wetu wanajua vitambulisho vile vilikuja kutumika kufanya nini barabarani. Simbebeshi Quetelet dhambi hiyo. Nasema tu kwamba wastani wa kundi ukishaandikwa kwenye karatasi ya mtu mmoja, unakuwa kitu kingine kabisa.

Kwa miaka karibu mia moja hesabu yake ililala. Waliofuata kuuliza habari ya uzito walikuwa watu wa pesa. Kampuni ya bima ya maisha inalipa pale unapokufa, kwa hiyo inataka kujua mapema nani atakufa haraka. Marekani, kampuni ya Metropolitan Life ya New York ilikuwa na mtaalamu wa takwimu anaitwa Louis Dublin. Aliangalia mafaili ya wateja, akaona wale wazito walikuwa wanakufa mapema zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 kampuni ikatoa majedwali: urefu wako huu, uzito unaofaa huu. Mwaka 1959 wakatoa mengine. Yaliwagawa watu kwa mifupa midogo, ya kati na mikubwa, lakini hayakusema mifupa unaipimaje! Ukiwa mzito unajiweka kwenye mifupa mikubwa, umemaliza. Na hao waliopimwa ni nani? Ni wale wenye uwezo wa kununua bima Marekani. Walipimwa na nguo na viatu, na wengine walitaja tu uzito wao kwa mdomo. Majedwali hayo yakabandikwa kwenye ofisi za madaktari kama amri.

Aliyeyapinga ni Ancel Keys, na huyu nataka nikae naye, kwa sababu kabla ya kuwa mtu wa BMI alikuwa mtu wa njaa.

Mwezi Novemba 1944, vita kuu ikiendelea, Keys alichukua wanaume 36 vijana wenye afya, watu waliokataa kushika bunduki kwa imani zao, akawaweka chini ya uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Alitaka kujua njaa inafanya nini mwilini, ili vita ikiisha watu wajue namna ya kuwalisha walionusurika Ulaya. Kwa wiki 24 walikula milo miwili kwa siku: mkate, viazi, kabichi, makaroni. Kwa siku ilikuwa kama kalori 1,570, na kila wiki walitakiwa kutembea karibu kilomita 35. Walipoteza kama robo ya uzito wao.

Hebu linganisha. Mgao wa mkimbizi unapangwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Hiyo ni pale unapotoka mzima. Ukikatwa hata robo, uko jirani na wale vijana wa Minnesota, na wao walikuwa na daktari mlangoni na tarehe ya mwisho.

Kilichonishika si kilo walizopoteza. Ni vichwa vyao. Walisikia baridi hata kwenye joto. Walianza kukusanya vitabu vya mapishi, wakawa wanavisoma kitandani. Walilamba sahani. Walikosa hamu ya wasichana, wakagombana kwa vitu vidogo. Vifundo vya miguu vikavimba maji. Na wengine wakawa wakimwona mtu wa kawaida mtaani wanamwona mnene kupita kiasi, huku wao wenyewe hawajioni walivyokonda. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Tumekuwa tukiwaita vijana wetu wavivu, wagomvi, hawana malengo. Sijui ni mikutano mingapi nimeongoza juu ya tabia za vijana bila kuuliza mtu amekula saa ngapi.

Huyuhuyu Keys, mwaka 1972, ndiye aliyeifufua hesabu ya Quetelet. Na wenzake walikusanya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka Marekani, Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini, wakalinganisha kanuni mbalimbali za uzito na urefu na mafuta yaliyopimwa kwenye ngozi. Kanuni ya Mbelgiji haikuwa nzuri sana, lakini hakuna kanuni nyingine nyepesi iliyoishinda. Keys akaipa jina lake la leo. Mwanamke hakuwemo hata mmoja. Waafrika walikuwepo, Wabantu wa Afrika Kusini, na Keys mwenyewe aliandika kwamba kundi lile haliwezi kuwawakilisha hata Wabantu wote wa Afrika Kusini, sembuse wa kwingine. Onyo hilo lilibaki kwenye karatasi. Kanuni ndiyo iliyosafiri, mpaka ikafika kwenye simu ya binti yetu wa netiboli.

Mistari iliyochorwa juu ya kanuni ilikuja baadaye, na si yote ilichorwa kwa sababu moja. Ule wa 18.5 ulipendekezwa mwaka 1988 na wataalamu waliotaka kuzitambua jamii zinazoishi na upungufu wa chakula wa muda mrefu. Ulitazama jamii, si mtu mmoja. Mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani likaweka 18.5, 25 na 30 kwenye ripoti moja. Marekani walikuwa na mistari yao, 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake. Mwezi Juni 1998 wakaishusha yote kuwa 25. Mamilioni ya Wamarekani walilala wakiwa na uzito wa kawaida wakaamka wamezidi, bila kuongezeka hata gramu moja. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakasema kwa watu wa Asia hatari ya kisukari inaanza mapema, wakaongeza alama za 23 na 27.5 za kuchukulia hatua. Afrika hatukupata alama zetu.

Na miili ya Afrika yenyewe haifanani. Hesabu hii inadhani wote tuna miguu na kiwiliwili kwa kipimo kimoja. Ndugu zetu Wadinka, au Waturkana, wana miguu mirefu sana na kiwiliwili kifupi. Mguu ni mwepesi kuliko tumbo na kifua, kwa hiyo Mdinka mwenye afya tele anaweza kuonekana amepungua kwenye karatasi. Ndugu wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, msinikasirikie. Najua mnajua. Lakini fomu haijui.

Kwa watoto historia ni nyingine, na kusema kweli mimi naiona nzuri zaidi, maana ilitengenezwa na watu waliokuwa karibu na tope.

Mwanzo ni Nigeria. Daktari Mwingereza David Morley alikuwa Ilesha, na tangu mwisho wa miaka ya 1950 alikuwa anawapima watoto wa vijiji kila mwezi. Akatengeneza kadi ambayo mama anakaa nayo nyumbani: kila mwezi nukta, nukta zinaungwa zinakuwa mstari. Ni ile kadi ya kliniki mnayoijua wote. Kitu alichokitaka Morley si nukta moja. Ni mstari unaelekea wapi. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda yuko salama kuliko mtoto mkubwa ambaye mstari wake umelala. Mstari ukilala ni onyo, hata kama bado uko kwenye rangi nzuri. Naomba msomaji akumbuke alichosema dada yangu njiani.

Kisha ikaja vita ya Biafra, 1967 mpaka 1970. Watoto wengi mno, mizani michache, na mizani ikibebwa kwenye gari la matope inaharibika. Kikosi cha msaada cha Wakweka kikatumia fimbo. Unapima mzunguko wa mkono wa mtoto kwa utepe, kisha unamsimamisha kando ya fimbo yenye alama. Alama haikuandikwa urefu, iliandikwa mkono unaopaswa kuwepo kwa urefu huo. Kama mtoto ni mrefu kuliko alama ya mkono wake, amekonda, apewe chakula. Hakuna kugawa, hakuna jedwali. Wazo la mkono lilikuwa limeshaelezwa na Derrick Jelliffe, daktari aliyefundisha Makerere, kwenye kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1966. Sababu ya mkono ni rahisi: kati ya mwaka mmoja na mitano mkono wa mtoto mwenye afya hauongezeki sana, kwa hiyo unaweza kutumia kipimo kimoja bila hata kujua umri. Sisi tuliokimbia usiku na vyeti vya kuzaliwa vimebaki kwenye nyumba iliyoungua, tunaelewa faida yake.

Rangi zililetwa na Adnan Shakir kutoka Baghdad, yeye na Morley waliandika mwaka 1974. Nyekundu, njano, kijani. Ukiwa na rangi huhitaji kusoma. Mistari yao ilikuwa 12.5 na 13.5. Kwa maana hiyo mtoto wa dada yangu, na 12.6 yake, mwaka 1974 angekuwa njano. Leo ni kijani.

Mistari imesogezwa zaidi ya mara moja. Nyekundu kwa miaka ilianzia chini ya 11.0. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaipandisha kuwa 11.5. Mtoto wa 11.3 mwaka 2008 hakuwa mahututi, mwaka 2010 alikuwa. Walikuwa na sababu nzuri, walitazama ni watoto gani wanakufa na wapi chakula cha tiba kinaokoa wengi. Lakini kila mstari unaposogezwa na katoni zinasogea. Ukiuweka juu unahitaji karanga za pakiti nyingi zaidi. Sisemi kwamba wanachagua namba kwa pesa. Nasema hakuna anayechora mstari akiwa hajui ghala lina nini.

Na ile kadi yenyewe ilibadilishwa. Zamani mtoto wa dunia nzima alilinganishwa na watoto wa Marekani, wadogo kabisa wakiwa wale wa Ohio, ambao wengi walinyweshwa maziwa ya chupa. Kati ya 1997 na 2003 wakapimwa watoto zaidi ya 8,000 katika miji sita: Pelotas Brazili, Accra Ghana, Delhi India, Oslo Norway, Muscat Oman na Davis Marekani. Mama zao walinyonyesha, hawakuvuta sigara, nyumbani chakula kilikuwepo. Ikaonekana wanarefuka karibu sawasawa, wa Accra na wa Oslo. Kadi mpya ikatoka mwaka 2006. Mtu akikwambia watoto wa Kongo ni wafupi kwa asili yao, kuna jibu, na jibu lina miji sita.

Nirudi kwa wale watatu wa mwanzo.

Binti wa netiboli nilimpeleka kwa yule muuguzi. Hakuangalia simu. Alichukua utepe wa fundi cherehani akampima kiuno, sentimita 76. Akamwambia mafuta ya tumboni ndiyo yanayoleta kisukari na presha, na kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu hiyo ni dalili nzuri. Nusu yake ni 79. Akamuuliza anakula nini, akamuuliza hedhi yake ikoje, akampima presha. Akamwambia rudi ukale jioni. Mimi aliniuliza tu kama nimepungua miezi ya karibuni au nimekuwa hivi tangu zamani, kama nakohoa, kama natoka jasho usiku. Nimekuwa hivi tangu shule. Akasema nirudi kama nguo zitaanza kulegea.

Mtoto ndiyo ilichukua muda. Dada alikataa kungoja mwezi mzima. Baada ya siku kumi alimwita mama mmoja wa bloku yetu, mhudumu wa afya wa kujitolea, aje nyumbani. Yule mama alimvua mtoto kishati. Alikunja mkono wa kushoto, akatafuta ncha ya bega na ncha ya kiwiko, akapima akatia alama ya kalamu katikati kabisa. Kisha akaunyoosha mkono ukaning'inia, akafunga utepe bila kukaza na bila kulegeza. Alisoma mara mbili. 12.2. Akaandika karatasi. Kesho yake wakampokea, na baada ya wiki tano mtoto alikuwa ameshika kiti tena.

Huko Niger, miaka ya 2010, mama walianza kupewa utepe wenyewe wapime watoto nyumbani, na walipolinganishwa na wahudumu waliofundishwa, walikosea kidogo sana, na watoto wao walifikishwa mapema kabla hawajazidiwa. Yule mama wa kujitolea alimwachia dada utepe mmoja. Umetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Kila Jumamosi asubuhi majirani wanakuja na watoto, wanawavua nguo, wanatia alama kwa mkaa kwa sababu kalamu iliisha. Juzi nimeona ile nyekundu imeanza kufifia kwa jua, nikamwambia dada auhamishie ndani.